Kutengeneza na watu baada ya kuokoka: muumini mpya aanzie wapi?

MwalimuDarasa ameuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Nafundisha darasa la waumini wapya, na kila tukifika somo la toba swali linalokuja ni lile lile: Mungu amenisamehe, sawa, lakini vitu vya watu bado viko mikononi mwangu, nifanyeje? Kuna aliyekuwa akidokoa fedha za mwajiri kidogo kidogo, aliyekana deni, aliyemchafulia mwenzake jina, aliyemkata msaidizi wa nyumbani mshahara bila haki. Kuna pia waliodhulumu watu ambao sasa wamekwisha kufariki.

Mahubiri juu ya jambo hili ninayo ya kutosha. Naomba utendaji: orodha iandikweje, kirudishwe kiasi gani, maneno gani yasemwe, na ni wapi watu huharibu. Na je, anayetoa sadaka nono badala ya kurudisha amemaliza?

MzeeWaKanisa amejibu:

Amina mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalowafunga wengi. Hapana, hajamaliza. Kama unamjua uliyemdhulumu na unajua anakopatikana, fedha ile ni yake. Kuipeleka madhabahuni ni kumtolea Mungu mali ya mtu mwingine. Mathayo 5:23-24 inaweka utaratibu wazi: sadaka inaachwa pale pale mbele ya madhabahu, mtu anakwenda kupatana kwanza na ndugu yake, ndipo anarudi kuitoa. Walawi 6:1-7 ni vivyo hivyo: mwenye mali anarudishiwa chake siku ile ile mkosaji anapoleta sadaka yake ya hatia.

Orodha. Mwambie atenge saa moja, achukue daftari, apige mistari ya safu tano: nani, nini, lini, thamani yake, na kama mwenyewe anajua. Asikae akisubiri mambo yaje yenyewe kichwani. Apite eneo kwa eneo: wazazi na ndugu, shule, kila kazi aliyowahi kufanya, majirani, biashara, michango aliyowahi kushika, serikali. Kila mstari uwe na tendo linalotajika. "Nilimfanyia vibaya" si mstari. "Nilikopa baiskeli yake, nikaivunja rimu, nikarudisha bila kusema" ni mstari, na huo una jibu lake kwenye Kutoka 22:14: aliyeazima kitu kikaharibika mikononi mwake, mwenyewe asipokuwapo, hulipa.

Akishamaliza, aombe, aipitie mara moja zaidi, kisha aifunge. Hapa uwe macho, mwalimu. Wako wenye dhamiri nyepesi mno ambao wataiandika upya kila wiki na kuongeza kalamu iliyopotea darasa la tatu. Huyo asiachwe peke yake na daftari. Akae na mtu mkomavu mmoja, na mtu huyo ndiye aseme "imetosha". Likija jambo jipya la kweli baadaye litaongezwa, ila kulitafuta kwa hofu si toba.

Kiasi. Watu hukimbilia Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), bila kuuliza ile nne ilitoka wapi. Torati ilikuwa na viwango. Mwizi aliyeiba kondoo na kumchinja au kumuuza alilipa kondoo wanne, na kwa ng'ombe alilipa watano (Kutoka 22:1). Mnyama akikutwa mkononi mwake bado hai, alilipa mara mbili (22:4). Lakini aliyeiona hatia yake na kuungama alirudisha kitu chote akaongeza sehemu ya tano (Walawi 6:5, Hesabu 5:7). Zakayo hakuwa ameburutwa mahakamani na mtu. Alisimama mwenyewe, angeweza kudai kiwango chepesi cha anayeungama, akajipimia kile kizito cha mwizi aliyekwisha kuila mali. Ndiyo maana maneno yake yana uzito.

Kwa muumini wa leo hiyo si sheria ya kumfunga mtu, ila sehemu ya tano ni kipimo chema sana cha kuanzia. Alichukua 5,000, arudishe 6,000. Ikiwa miaka imepita na fedha imeshuka thamani, asirudishe tarakimu ya zamani; aulize kitu kile kile kinauzwaje leo, ndipo aongeze ya tano. Na kama alichochukua kilikuwa chombo cha kazi, mwenyewe alipoteza pia kipato cha siku alizokaa bila chombo. Nacho kihesabiwe.

MamaYohana amejibu:

Mzee amenena vema kwenye hesabu. Mimi niongeze kwenye maneno, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri.

Ungamo zuri ni fupi, sentensi nne au tano. Lina tendo, linakiri kwamba lilikuwa kosa, linataja kinachorudishwa, linaomba msamaha. Mfano: "Mzee, mwaka ule nilipokuwa nakusaidia dukani nilikuwa nachukua fedha kwenye droo. Nilikuibia. Nimepiga hesabu, jumla ni kiasi hiki, na nimeongeza sehemu ya tano. Naomba unisamehe." Halafu anyamaze. Amwache mwenzake aseme, hata akifoka.

Yanayoharibu ni haya. "Kama nilikukosea, nisamehe": hapo hujaungama, umemrudishia yeye kazi ya kuamua kama ulikosa. "Shetani alinipitia": shetani hakutia mkono kwenye droo. Ushuhuda mrefu wa jinsi ulivyookoka: aliyeibiwa hakuja ibadani, na ukianza hivyo ataona unamtumia kujipamba. Kubwa kuliko yote ni kumdai msamaha kwa aya. Mkosaji kumwambia aliyekosewa "Biblia inasema ni lazima unisamehe" ni kumdhulumu mara ya pili. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Upande wako ukiisha, umeisha.

Akikataa fedha, mwombe apokee mara moja zaidi. Akikataa tena, hiyo ni zawadi, ipokee kwa heshima, usimtupie bahasha mlangoni. Na asiyetaka hata kukuona, mtumie mtu anayemwamini yeye (si unayemwamini wewe) afikishe.

Halafu jina. Ukimchafulia mtu, hulipi kwa fedha. Unarudi kwenye masikio yale yale. Andika kila uliyemwambia, mwendee mmoja mmoja: "Nilichokuambia kuhusu fulani hakikuwa kweli." Kama uliandika kwenye kundi la WhatsApp, kanusha kwenye kundi hilo hilo, kwa maneno yanayoeleweka na aliyesoma ule uongo. Kufuta ujumbe peke yake hakusafishi jina la mtu, maana waliousoma wameshaubeba. Na lililokuwa kweli, ila halikustahili kusambazwa, usilikanushe kwa uongo mpya. Sema "sikuwa na haki ya kulitangaza" uishie hapo.

Lingine, na hili ni zito. Si kila kilichomo moyoni kinapelekwa kwa mtu. Mduara wa kuungama ulingane na mduara wa kosa: la moyoni liende kwa Mungu, la mtu mmoja kwa mtu huyo, la hadharani hadharani. Kumfuata mtu asiyejua lolote na kumwambia "miaka yote hii nilikuwa nakuchukia" kunakupunguzia wewe mzigo na kumwekea yeye. Hatua ya 9 ya Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, huagiza kurekebisha moja kwa moja na waliokosewa kila inapowezekana, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Kizuizi hicho ni cha busara.

Katekista_P amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa upande wetu Wakatoliki fundisho ni hilo hilo: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inadai mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe, na namba 2487 inadai fidia kwa makosa dhidi ya ukweli na jina la mtu, hata pale mkosaji alipokwisha kusamehewa. Tangu zamani Agostino, katika barua yake kwa Makedonio, aliandika kwamba aliye na uwezo wa kurudisha na harudishi, toba yake ni ya kujifanya.

Nasahihisha jambo moja tu kwenye mazungumzo haya. Kurudisha hakumlazimu mtu kujitaja kila mara. Haki inadai mali imfikie mwenyewe. Padre anaweza kuombwa aipeleke bila kutaja jina, na siri ya kitubio (maungamo kwa padre) inabaki pale pale. Kwa mwajiri ambaye atamfukuza mtu kazi na watoto walale njaa, hiyo ni njia halali.

MzeeWaKanisa amejibu:

Nakuelewa, katekista, na pale ambapo pana hatari ya kweli nakubali. Lakini isiwe njia ya kwanza. Bahasha isiyo na jina inarudisha fedha na kuacha shuku: mwajiri bado anaweza kumdhania mfanyakazi mwingine asiye na kosa. Ikiwa kuna mtu aliyesingiziwa au kufukuzwa kwa ajili ya wizi ule, basi jina ni lazima, maana deni sasa ni la watu wawili.

MwalimuDarasa:

Asanteni sana. Mmenigusia pagumu. Sasa: asiye na uwezo wa kulipa kwa mara moja? Aliyefariki? Na aanze na lipi, dogo au kubwa?

Mweka_Hazina amejibu:

Wengi watakuambia aanze na dogo ili apate ujasiri. Sikubaliani. Aanze na aliye maskini kuliko wote kwenye orodha, na mara nyingi huyo ni aliyekatwa ujira. Walawi 19:13 hairuhusu ujira wa kibarua ulale kwako hadi asubuhi, na Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Kampuni inaweza kungoja miezi miwili. Msaidizi wa nyumbani aliyeondoka bila mshahara wa mwezi wake wa mwisho hawezi.

Asiye na uwezo: aende akaungame sasa, asingoje fedha itimie. Apeleke karatasi yenye jumla, kiasi cha kila mwezi, tarehe, na sahihi za wote wawili. Kiasi kiwe kile anachoweza kukitoa hata mwezi mbaya. Mipango hii huvunjika kwa sababu mtu, akiwa na moto wa kuokoka, anaahidi nusu ya mshahara. Mwezi wa tatu anakwama, anaanza kumkwepa yule yule aliyemwomba msamaha, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Bora sehemu ya kumi ya mshahara kwa miaka miwili bila kuruka. Asikope kwa riba ili alipe, na asiguse ada ya watoto wala chakula bila kukubaliana na mwenzi wake. Kanisa likitaka kumsaidia, lifanye kama Paulo kwa Onesimo, mtumwa wa Filemoni (Filemoni 18-19): deni linaandikwa kwa jina la mdhamini, kwa mkono wake mwenyewe, na aliyedhulumiwa anajua atamdai nani.

Aliyefariki: warithi wake, mwenzi na watoto kwanza. Hesabu 5:8 inashughulikia hata asiye na jamaa. Fidia ilikwenda kwa Bwana, mkononi mwa kuhani. Kwa hiyo hapo, na hapo tu, pamoja na pale ambapo mwenyewe hajulikani kabisa, fedha inaweza kwenda kanisani au kwa wahitaji.

Kila malipo yaandikwe: tarehe, kiasi, kilichobaki, sahihi ya aliyepokea. Wapo watakaodai zaidi ya walichopoteza, na daftari litawasaidia wote wawili kubaki kwenye ukweli.

Wakili_Mkristo amejibu:

Mwalimu, ongeza ukurasa mmoja kwenye somo lako kuhusu makosa ya jinai. Kabla muumini hajaungama wizi mkubwa, kughushi nyaraka au ajali aliyoikimbia, azungumze na mwanasheria. Si kwa ajili ya kukwepa. Ni ajue anaingia wapi, na familia yake ijiandae. Aungame lake tu. Majina ya aliokuwa nao asiyabebe, awaendee wao kwanza na kuwaambia anachokwenda kufanya, isipokuwa pale ambapo kuwaambia kutahatarisha maisha ya mtu au kuharibu ushahidi. Kodi aliyoficha airekebishe kwa kupeleka hesabu sahihi mamlaka ya kodi.

Na kosa la kumdhuru mtoto, au ukatili wa kingono kwa yeyote, halimalizwi kwa kikao cha mchungaji na bahasha. Linakwenda kwenye vyombo vya sheria. Mkosaji haruhusiwi kumfuata aliyemdhuru ili "kutengeneza", wala kumpigia simu, wala kumtumia barua au ndugu. Aliyedhurika akitaka siku moja kusikia neno lolote kutoka kwake, ataomba mwenyewe kupitia mtu aliyemchagua. Mwalimu akisikia ungamo la namna hiyo darasani asiahidi siri. Amkatize mapema na kumwambia kwamba jambo hili analazimika kulifikisha mbele, kisha ahakikishe siku hiyo hiyo kwamba mtoto yuko mahali salama.