Mjadala: Je, miamba ya Dodoma itobolewe boliti toka chini hadi juu?

MTOA HOJA: Ndugu wachangiaji, suala linalotugawa sisi tunaopanda miamba hapa Dodoma ni hili: mwamba wa itale ulioinama kiasi kwamba mtu huupanda kwa msuguano wa soli kuliko kwa nguvu za mikono, tuutoboe boliti, yaani vyuma vya kudumu vya kunasia kamba, njia nzima, au boliti ziwekwe pale tu pasipo na ufa wa kuingiza kabari, yaani kipande cha chuma kinachobanwa ufani ili kushika kamba?

Mimi nasimama na njia ya mchanganyiko. Kabari, pamoja na vile vifaa vya springi vinavyotanuka ndani ya ufa, hutolewa na mpandaji wa pili na mwamba ukabaki ulivyokuwa, ilhali boliti ikishapigwa haing'oki bila kuacha tundu. Lakini pale penye uso mtupu boliti ni lazima, na zisiachane mno. Wapo wanaodhani mteremko mdogo hauna hatari, wakati anayeanguka hapo haning'inii hewani bali huburuzika: akiwa mita 5 juu ya kinga yake ya mwisho, yaani boliti au kabari ya mwisho aliyonasia kamba, atateleza mita 10 na zaidi, kwa kuwa kamba nayo hunyumbuka, na akikutana na kidato njiani basi vifundo vya miguu viko mashakani. Tena itale hubanduka kwa matabaka, kwa hiyo kabla ya kutoboa, gonga kwa nyundo. Jiwe likilia kama debe tupu, tafuta mahali pengine.

Kuhusu miamba ya Kondoa yenye michoro, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ile ambayo wenyeji bado wanafanyia matambiko, sioni cha kujadili: tusiiguse.

MCHANGIAJI: Ndugu mtoa hoja, kuhusu Kondoa tuko pamoja. Kwingineko, hoja yako inamfaa mwenye vifaa. Seti moja ya vifaa vya springi ni ghali mno kwa kijana anayeanza, na hata akiazimwa, kabari iliyokaa vibaya huchomoka siku inapohitajika, wakati kwenye boliti anahitaji karabina, yaani pete za chuma za kunasia kamba, na kamba tu. Ukiacha nyufa bila boliti, umewafungia njia wengi ili kuwaridhisha wachache. Miamba yetu mingi ina upande wa nyuma unaopandika kwa miguu. Basi, kama hutaki boliti njiani, angalau ziwekwe 2 kileleni, wanaojifunza wafungiwe kamba kutokea juu.

MTOA HOJA: Hizo 2 za kileleni nazikubali, ndugu yangu, na nakiri zinapunguza sana haja ya kutoboa kandokando ya ufa. Ila ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kabla ya yote halmashauri ya kijiji iridhie, kwa kuwa ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wake kwa sheria ya mwaka 1999. Sasa naomba wachangiaji wengine waseme: nani atazikagua kila mwaka, na kwa fedha za nani?