Abruzzo bila gari, nianzie pwani au milimani?

mzururaji: Wakuu habari zenu, niko Roma kikazi na mwezi wa tisa nina likizo ya wiki moja, Toscana kila mtu anaenda huko, mi nataka Abruzzo, mkoa wa mashariki ya Roma. Sina gari. Nianzie wapi?

mama_zuu: Anzia baharini mdogo wangu. Basi la kutoka Tiburtina, stendi ya hapo Roma, mpaka Pescara, kisha treni ya kusini ushukie San Vito. Hapo ndo kuna trabocchi, vibanda vya mbao vya wavuvi vimesimama kwenye nguzo juu ya maji, wavu mkubwa unashushwa kwa kamba na kupandishwa hapo hapo bila mashua, vingine siku hizi migahawa ya samaki. Reli ya zamani wameigeuza njia ya baiskeli, pazuri mno!

deo88: Pwani sawa ila Abruzzo yenyewe iko juu bwana. Kodi gari hata siku mbili, mabasi ya vijijini machache na Jumapili ndo kabisa. Panda Rocca Calascio, ngome ya mawe kwenye mita 1,400 na ushee, halafu Campo Imperatore, uwanda mpana chini ya mlima Corno Grande (mita 2,912). Pale unanunua arrosticini, vimishikaki vya kondoo, unachoma mwenyewe kwenye jiko refu jembamba. Beba jaketi, baridi ya huko haina utani.

mzururaji: Gari siwezi kaka, leseni bado.

mama_zuu: Basi panda treni ya Pescara mpaka Sulmona, mji uliozungukwa na milima. Ununue confetti, lozi za sukari wanazozifunga kama maua.