MJADALA: Paneli za filamu nyembamba zipigwe marufuku, au muuzaji alazimishwe kuandika wati za kweli?

Wakuu habari za jioni, juzi pale Majengo hapa Dodoma nimekuta watu wanabishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka, mmoja anasema hizi paneli za sola za filamu nyembamba (zile ambazo kinachotoa umeme ni utando mwembamba uliopakwa kwenye kioo) zote feki serikali izizuie mara moja, mwingine anauliza sasa mwenye hela kidogo anunue nini. Mimi marufuku naikataa, ila kwamba watu wanaumizwa hilo sibishi hata kidogo.

Mjomba wangu yupo Mvumi, analima zabibu. Baada ya kuuza mavuno akanunua paneli ya wati 40 dukani hapa mjini (jina la duka naliacha), kioo rangi ya damu ya mzee kina vimistari vyembamba. Mwezi wa kwanza raha tupu, taa tatu, redio, na majirani wanaleta simu kuchaji. Mwezi wa nne redio inakata saa mbili usiku. Fundi akaja na mita saa sita mchana, jua la utosi, wingu hakuna, akapima mara tatu ikasoma ampia 1.6 wakati kwa wati zile ilitakiwa kama 2.3. Mjomba akaniangalia akasema, "Mpwa wangu, nimepigwa."

Amepigwa kweli, ila na maandishi ya nyuma ya paneli. Ile ni silikoni ya amofasi (yaani chembe zake hazijajipanga kama za silikoni ya kawaida), kupungua nguvu miezi ya mwanzo ndiyo tabia yake, wanasayansi Staebler na Wronski walishalieleza tangu 1977 kwamba mwanga wenyewe ndio unaoichosha, inashuka asilimia 10 mpaka 30 hivi halafu inatulia. Muuzaji mwaminifu anaandika wati za baada ya kutulia. Huyu kaandika za siku ya kwanza.

Sasa ukisema zote feki unakosea, maana kuna kadimiamu teluraidi (mchanganyiko wa kadimiamu na teluriamu), nayo ni filamu nyembamba, utando wa maikromita chache tu (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) wakati silikoni ya kawaida inapita 100, na kampuni ya First Solar ya Marekani wanauzia mitambo mikubwa kabisa ya umeme. Halafu angalieni joto letu la Oktoba na Novemba, paneli juu ya bati inafika digrii 60 bila shida, yaani 35 zaidi ya zile 25 wanazopimia kiwandani. Silikoni ya kawaida inapoteza mpaka asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila digrii inayozidi, piga hesabu ni asilimia 14, hii ya kadimiamu inapoteza kama 0.3, inakuwa 10 na kidogo. Kwa Dodoma hiyo si ndogo jamani.

Na wale wanaosema tusinunue betri za lithiamu tusubiri betri za filamu (nazo zimetengenezwa kwa tabaka nyembamba), hapana, zile zinabeba umeme kidogo sana, zinafaa vifaa vidogo kama vihisio (sensa), nyumba haziiwezi.

NAONGEZEA: mwenzetu mmoja wa Kongwa kanijibu kwamba silikoni ya kawaida imeshuka bei na imeshika zaidi ya asilimia 95 ya soko la dunia, tuhangaike na hizi za nini, tena kadimiamu ni sumu. Mkuu la bei nakubali, kwa nyumba mimi mwenyewe ningenunua mono (aina ya hiyo silikoni ya kawaida). La sumu umenishika pazuri. First Solar wana utaratibu wa kuchukua paneli zilizochoka tangu 2005, lakini huku kwetu kioo kikivunjika kinaishia korongoni mbuzi wanakopita. Kwa hiyo naongeza sharti, anayeleta za kadimiamu aonyeshe kwanza atazirudisha wapi zikifa, akishindwa asiingize. Hizi za amofasi ziuzwe, ila kwa wati zilizotulia, na mteja apimiwe na mita pale pale dukani kabla hajatoa hela.

Ya mjomba bado ipo juu ya bati, inabeba taa mbili na simu yake. Redio kairudisha kwenye betri za kununua.