Sensa ya joto LM35 kwenye mashine ya vifaranga yaniruka hadi 40. Sensa mbovu?

mwana_kisauni: Assalamu alaykum wakuu. Nimejitengenezea mashine ya kutotolea vifaranga hapa Kisauni: sanduku la mbao, balbu mbili, bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo), rilei ya kuwasha na kuzima balbu, na LM35 kwenye pini A0. Umeme wa bodi ni chaja ya simu. Balbu zikizimwa yasoma 37.1, kipimajoto cha kioo chasema 37.5. Hapo sina neno. Lakini rilei ikilia tu "tak", papo hapo yaruka hadi 40.5! Programu yadhani joto limezidi, yazima, yawasha tena. Usiku kucha tak-tak-tak, mke wangu ashachoka. Mayai 24 yako ndani, siku ya sita.

kuku_wa_bamburi: Haiko karibu na balbu?

mwana_kisauni: La, iko usawa wa mayai, nimeikinga kwa kadibodi.

waya_mwekundu: Usinunue sensa nyingine bado. Pima pini ya 5V kwa multimita, rilei ikiwa imevuta na ikiwa imeachia. Na hesabu yako tuione.

mwana_kisauni: Ikiachia 5.0, ikivuta 4.6. Hesabu: `analogRead(A0) * 500.0 / 1024`

waya_mwekundu: Basi sensa yako nzima. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila digrii, kwa 37.5 ni milivolti 375, chaja ishuke isishuke. Ila Uno huzipima kwa kuzilinganisha na umeme wake yenyewe. Kwa volti 5 `analogRead` yakupa namba 76, kwa 4.6 yakupa 83, na programu bado yashikilia 5. Ni kupima kanga kwa futi inayonywea: kanga ni ile ile, inchi zaongezeka.

Kwenye `setup()` andika `analogReference(INTERNAL);` ilinganishe na volti 1.1 ya ndani badala ya ile 5 ya chaja. Kwenye pini ya AREF usiunge kitu. Hiyo 1.1 hutofautiana bodi na bodi, kwa hiyo pima AREF kwa multimita, utakachopata ukizidishe kwa 100, ukiweke badala ya 500.0. Usomaji wa mwanzo mwanzo utupe. Tena utapata hatua za 0.1, si nusu digrii kama sasa.

kuku_wa_bamburi: Na uweke pengo bwana, washa 37.2, zima 37.8. Rilei nayo ni chuma, yachoka.

mwana_kisauni: AREF 1.08. Nimeweka 108.0, balbu ziwake zisiwake ni 37.4. Chaja ya mia mbili hii, wallahi! Pengo naliweka baada ya isha, sasa hivi nageuza mayai.