Korosho za kukaanga: kifuko angavu, cha kaki chenye dirisha, au cha foili?

Binti Masasi
Habari wakuu. Nakaanga korosho hapa Masasi, nafunga gramu 100 na gramu 250, na nyingi zinapanda basi kwenda Dar. Natumia vifuko angavu vya kusimama, vyenye zipu. Mteja anaziona zilivyo nzima na nyeupe, na hilo ndilo linaloniuzia. Ila mwezi uliopita duka moja limenirudishia boksi zima. Nilifungua pakiti: kwa macho punje inavutia, ukiitafuna unakutana na ladha ya mafuta ya zamani. Iliniuma sana. Nimeonyeshwa aina mbili nyingine, ya kaki yenye dirisha na ya foili isiyoonyesha kitu. Nichukue ipi?

Kahawa Moshi
Pole dada. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na mafuta huharibiwa na hewa, mwanga na joto. Kifuko angavu kikipangwa rafu ya mbele, mwanga unakipiga kutwa nzima. Chukua foili. Mimi nilihamia huko na sijarudi. Changu kina valvu kwa sababu kahawa ikishakaangwa huendelea kutoa gesi kwa siku kadhaa, na isipopata pa kutokea mfuko unavimba. Korosho haihitaji valvu, usikubali kuuziwa.

Ila kagua. Vingi vinavyoitwa foili ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba mno. Ingiza tochi ya simu ndani ya kifuko, uzime taa ya chumba. Mwanga ukipenya, ni ya kupakwa. Kunja na kona pia: foili yenyewe hubaki imekunjika, ile nyingine hujinyoosha. Hata hiyo ya kupakwa inaishinda angavu kwa mbali.

Viungo Unguja
Kaki inapendeza, wageni wanaishika kwanza kabla ya zote. Lakini karatasi haizuii hewa, kazi yote inafanywa na utando wa ndani. Niliwahi kununua mzigo bila kuuliza utando. Ukipita karibu na rafu unasikia harufu ya iliki, nami nikafurahi, kumbe harufu inayonifikia puani ndiyo inayotoka mfukoni. Baada ya wiki chache iliki ilikuwa imepoa kabisa. Na dirisha ni dirisha, mwanga unapita palepale.

Fundi wa Mashine
Dada, kabla hujabadilisha kifuko, angalia unavyoziba. Zipu ni ya mteja akishafungua, haizuii hewa. Lazima uzibe kwa moto, pale kati ya zipu na mdomo wa kifuko. Kisha zamisha pakiti kwenye beseni la maji, uikandamize taratibu. Mapovu yakitoka, hata foili nzuri kuliko zote haitakusaidia. Mara nyingi chanzo ni chumvi na mafuta yaliyoganda mdomoni mwa kifuko wakati wa kujaza. Tumia faneli pana, futa mdomo kwa kitambaa kikavu, ndipo uzibe.

Unga wa Lishe, Moro
Naongezea: korosho zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Zikifungwa na uvuguvugu, mvuke unageuka maji ndani, korosho zinalainika na baadaye ukungu. Kuhusu uchapaji, usikimbilie kuchapisha kwenye kifuko. Kiwanda kinakutengenezea silinda ya kuchapia kwa kila rangi na kinataka oda kubwa. Nunua vifuko vitupu, bandika stika yenye viambato, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Picha nzuri ya korosho kwenye stika itaziba pengo la dirisha.

Kama kuna anayekutisha na katazo la Juni 2019, lile liligusa mifuko ya plastiki ya kubebea, si vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa.

Binti Masasi
Nimefanya ya beseni usiku huu. Pakiti 10, nne zimetoa mapovu, na zote kona ileile ya kulia. Gramu 250 za Dar nazihamishia kwenye foili. Gramu 100 za hapa stendi zinaisha ndani ya wiki, hizo zibaki angavu, watu wazione. Fundi, kona moja kuvuja hivyo ni waya wa moto wa mashine ya kuzibia au ni ile nguo inayoufunika? Nikiiangalia naona imeungua kidogo upande huo.

Fundi wa Mashine
Anza na nguo. Ikiungua, moto haushiki sawasawa. Ibadilishe, kisha urudie beseni.