Longibodi kwenye lami ya Goma: vijiwe vinaniangusha

Mtoto_wa_Himbi
Salama wandugu. Yaya, mkubwa wangu, alirudi toka Ubelgiji akaniachia longibodi yake, ubao wa karibu mita moja wenye magurudumu manne, unaupanda ukiwa umesimama. Kwenye simenti ya uwanja wa parokia inaenda kama maji. Barabarani ni mambo mengine: kajiwe keusi ka volkeno, kadogo kama punje ya maharage, kanatosha. Gurudumu linaganda, ubao unabaki, mimi naruka mbele. Juzi niliacha ngozi ya kiganja karibu na Rond-point Chukudu. Magurudumu yameandikwa 52 mm, 99A, na yanalia kama kinu cha mahindi. Nifanye nini? Na ninasimamaje bila kuruka?

Chukudu_ya_Baba
Mdogo wangu, pole kwa kiganja. Hayo ni magurudumu ya ubao mfupi wa michezo ya kurukaruka. Ni madogo na magumu, hayawezi kupanda juu ya kitu. Tafuta ya 70 mm, 78A: namba yenye A ikishuka, mpira unakuwa laini, unameza kajiwe na kuendelea. Ila kabla ya kupanda, lalia upande mmoja kwa nguvu uone kama gurudumu linagusa ubao. Likigusa, litakutupa vibaya kuliko kajiwe. Kata vipande vya mpira wa tairi kuukuu, weka kati ya ubao na vyuma vinavyoshika magurudumu.

Kilio ni mchanga wetu ndani ya beringi. Zitoe, fungua kifuniko, osha na esanse (petroli) mbali na moto, kausha, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Grisi usitie, inakusanya vumbi.

Kuhusu kusimama: baba alikuwa anashusha viazi na chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, toka Kibumba. Chukudu ina kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na baba alikuwa anakikanyaga kidogo kidogo. Kamwe hakukikanyaga kwa ghafla, maana mzigo ungempita. Fanya hivyo hivyo. Uzito wote mguu wa mbele, goti likunje, shusha mguu wa nyuma, soli nzima iguse lami kama unapapasa. Ongeza uzito pole pole. Jifunze mahali tambarare, siku nyingi, ndipo utafute mteremko.

Dada_Katindo
Na glavu! Mimi natumia za kazi, za ngozi. Helmeti ya motari pia inafaa kuliko kichwa kitupu. Nenda saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, kabla pikipiki hazijaamka.

Mtoto_wa_Himbi
Yaya zangu, aksanti sana. Nimeosha beringi jana usiku: esanse ilitoka nyeusi kama kahawa. Leo asubuhi kilio kimeisha. Magurudumu nimemwagiza yaya. Breki nimejaribu parokiani mara ishirini hivi, mara ya mwisho nikasimama kabisa, miguu yote ikiwa juu ya ubao isipokuwa ule mmoja. Soli ya kiatu cha kulia imeanza kuisha.

Chukudu_ya_Baba
Gundisha kipande cha tairi chini yake. Fundi viatu yeyote wa Birere anajua.