Mrejesho: Ami yangu na uvimbe wa koo

Asalaam alaykum. Kabla ya Ramadhani niliwauliza kama kweli saratani ya koo hutolewa kwa roboti kupitia mdomoni, taya lisipasuliwe. Ami yangu wa Wete alikuwa na uvimbe kwenye findo la kulia, na miezi mitano mizima tulikuwa tukipewa dawa za mafindofindo tu.

Kweli hutolewa. Tulikwenda India. Na roboti haijifanyii kazi yenyewe, kama alivyoogopa bibi. Daktari hukaa pembeni kwenye mashine yake akitazama picha iliyokuzwa, na vyuma vyembamba vilivyoingizwa mdomoni vinafuata vidole vyake. Marekani waliiruhusu tangu 2009, kwa uvimbe mdogo. Hilo "mdogo" ndilo lenye uzito: jirani yetu wodini wake ulikuwa umeshakua, akapangiwa mionzi na dawa.

Taya halikuguswa. Shingo ndiyo iliyokatwa, kutoa tezi zake, na hilo hatukulitarajia.

Kazi kubwa ni kumeza. Alilishwa kwa mpira wa puani, kisha akaanza kufunzwa upya kama mtoto: ainamishe kidevu, ameze, akohoe, ameze tena. Ajabu, maji ndiyo yanayompalia. Uji mzito unashuka.

Jana kaomba urojo. Kapewa rojo tupu, bila ya pilipili wala bajia, akanuna mpaka Magharibi.